Marudio ni ya Nani?

Umeme ulikatika wakati wa mapumziko ya mechi, na banda zima likapiga miluzi kana kwamba aliyekata anasikia. Hii ni Nyarugusu ya Geita, ya dhahabu. Ile ya Kasulu yenye kambi ya wakimbizi ni nyingine, ingawa nimeshapigiwa simu ya pole na jamaa aliyedhani nimehamia kambini. Mwenye banda alitoka kupambana na jenereta, wengine wakaenda kutafuta mishikaki. Tukabaki watu sita kwenye mabenchi ya mbele, tochi ya simu moja ikiwa imelazwa juu ya kreti la soda. Ndipo kijana anayepiga picha za harusi, hapa na kule Katoro, alipotangaza kwamba harusi zimemchosha. Anataka kutengeneza filamu ya makala kuhusu mwandishi wa riwaya.

Mwandishi gani? Aliyejificha, akasema.

Yaliyofuata ni haya. Majina ya watu siyatoi. Kila mmoja nimemwita kwa kazi yake. Maneno yao nimeyapanga upya, maana gizani watu huongea wote kwa pamoja. Nilipoingilia, nimesema kwamba ni mimi.

KIJANA WA KAMERA: Watu wanapenda mtu aliyejificha. Nimesoma habari za Kezilahabi. Ametoa Rosa Mistika mwaka 1971, shuleni wakakipiga marufuku. Akaandika Kichwamaji, Dunia Uwanja wa Fujo, Gamba la Nyoka. Halafu akaja na vile vitabu viwili vyembamba vya mafumbo, Nagona na Mzingile, akaenda zake Botswana. Januari 2020 amefariki. Nani anajua nyumbani kwake aliishi vipi? Hapo pana filamu.

MWALIMU: Aliishi kwa kufundisha. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kisha Chuo Kikuu cha Botswana. Mtu anasimama mbele ya wanafunzi miaka yote hiyo, wewe unamwita aliyejificha?

KIJANA WA KAMERA: Mwalimu, kwenye filamu Gaborone ni mbali. Mtu akiwa mbali, amejificha.

MWALIMU: Basi hata wewe umejificha. Huko Gaborone hawakuoni.

MUUZA DAGAA: Samahani, wakubwa. Mkisema Kezilahabi mnasema Namagondo, na Namagondo ni Ukerewe, kwetu. Lakini kama unatafuta Mkerewe ambaye dunia ilimchelewa, usiishie Namagondo. Nenda Kagunguli, kwa mzee Aniceti.

KIJANA WA KAMERA: Aniceti yupi?

MUUZA DAGAA: Unaona? Unasema watu wamejificha, kumbe hujaulizia.

Muuza dagaa huyu huja Nyarugusu na magunia yake kila anapopata mzigo. Zamani alikuwa akilalamikia foleni ya kivuko cha Busisi. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025 amekosa la kulalamikia upande huo, na nadhani ndiyo maana siku hizi anapata nafasi ya kuzungumza habari za watu. Alianza kumweleza kijana, lakini aliruka huku na huko, kwa hiyo nayaweka hapa kwa utaratibu, mengine nikiyajazia mimi.

Aniceti Kitereza alizaliwa mwaka 1896, mtu wa ukoo wa watawala wa Ukerewe. Mapadri walimsomesha Kagunguli, wakampeleka seminari ya Rubya ng'ambo ya ziwa, akarudi na Kilatini na Kijerumani kichwani. Upadri hakuufikia. Alifunga ndoa na Anna Katura, akafanya kazi hapa na pale, mwisho akawa katekista na mfasiri wa misheni. Padri mmoja Mkanada, Almas Simard, alimhimiza ayaandike maisha ya Wakerewe kabla hayajasahauliwa. Kitereza hakutaka kuandika orodha ya mila. Akatunga riwaya, kwa Kikerewe, ya mume na mke wanaotafuta mtoto. Aliimaliza Februari 1945.

Halafu ikakaa. Hakukuwa na mchapishaji wa kuhangaika na lugha ya kisiwa. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wakafika Ukerewe Wamarekani wawili, Gerald Hartwig, mwanahistoria, na mkewe Charlotte. Wakauona muswada, wakamsihi autie Kiswahili. Mzee, miaka 70 na zaidi, viungo vikimuuma kwa baridi yabisi, akaketi akaandika upya mamia ya kurasa kwa lugha nyingine. Tanzania Publishing House ikakitoa mwaka 1980: Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Kilichapwa China. Shehena ya vitabu ilipofika nchini, mwandishi alikuwa amekwishafariki. Mwaka ulikuwa 1981.

Jambo moja muuza dagaa alilitaja kwa kupita tu, kama mtu anayetaja hali ya hewa: Aniceti na Anna walizeeka bila mtoto.

KIJANA WA KAMERA: Ngoja, ngoja. Kitabu ni cha watu wanaotafuta mtoto. Na mwandishi mwenyewe hakuwa na mtoto?

MUUZA DAGAA: Hakuachiwa mtoto.

KIJANA WA KAMERA: Basi filamu ninayo. Jina lake hili hapa: Siri ya Mzee Kitereza.

MWALIMU: Siri gani? Mtu amekiandika kitu kurasa mia kadhaa, kwa lugha mbili, kwa mkono wake, wewe unaita siri!

KIJANA WA KAMERA: Ameandika ya Myombekere, mwalimu. Ya kwake hakuandika. Mimi nayataka ya kwake. Mzee hapa ana karasha, atanielewa. Mzee, mtu akileta mawe yake kwako inakuwaje?

MZEE WA KARASHA: Tunasaga. Anachukua unga wake anapeleka mwaloni, anaosha, anatia zebaki, anachoma, anaondoka na dhahabu yake. Marudio yanabaki kwangu.

KIJANA WA KAMERA: Na kwenye marudio kuna nini?

MZEE WA KARASHA: Dhahabu. Zebaki haikamati yote. Nikiyakusanya nikayapeleka kwenye matangi ya sayanaidi, pengine napata kuliko alichopata mwenye mawe. Ndiyo desturi, na kila mtu anaijua.

KIJANA WA KAMERA: Haya sasa. Kitabu ndiyo dhahabu aliyoondoka nayo mzee Kitereza. Maisha yake ndiyo marudio, yapo tu pale Kagunguli yananyeshewa mvua. Kuna ubaya gani nikiyachenjua?

MAMA LISHE: Kwa hiyo wewe ndiye mwenye karasha.

KIJANA WA KAMERA: Mimi ndiye mwenye kamera, mama.

Mfano ule ulininasa, nakiri. Nilikaa kimya nikiutafutia ufa, na ufa niliuona baadaye, nikiwa njiani kurudi nyumbani, kama kawaida yangu. Mwenye mawe anaijua desturi kabla hajashusha gunia. Anajua kwamba bei ya kusagiwa ni pamoja na marudio, na kama hataki anakwenda karasha jingine au anaponda kwa nyundo. Kitereza alikubaliana na nani? Lakini mwalimu hakungoja niwaze.

MWALIMU: Marekani alikuwepo mwandishi, J. D. Salinger. Mwaka 1953 akahamia kijiji cha Cornish, jimbo la New Hampshire. Mwaka 1965 akatoa hadithi yake ya mwisho, akanyamaza. Akatokea mtu kuandika kitabu juu ya maisha yake kwa kutumia barua zake, Salinger akaenda mahakamani, na mwaka 1987 akashinda. Mtu amesema hapana mpaka mbele ya hakimu! Akafariki mwaka 2010. Miaka minne haijatimia, filamu ikatoka, na jina lake likawa Salinger tu. Wakahoji marafiki, wakahoji mabibi, wakatafuta picha alizopigwa kwa kuviziwa.

KIJANA WA KAMERA: Na wewe umemjuaje Salinger, mwalimu? Si kwa sababu ya hayo hayo?

MWALIMU: Nimemjua kwa kitabu.

KIJANA WA KAMERA: Kitabu hujataja hata jina. Umetaja kijiji, kesi na mabibi.

Tulicheka sote, na mwalimu alicheka pia, japo kwa kuchelewa. Ni kweli. Katika dakika zile mbili hakuna aliyesema lolote juu ya alichoandika Salinger.

MWALIMU: Sawa, umenipata. Lakini nchi hii ina Katiba. Ibara ya 16 inampa kila mtu heshima na hifadhi ya nafsi yake, maisha yake binafsi, familia yake na nyumba yake. Na ukitaka kusoma kurasa za kitabu ndani ya filamu, sheria ya hakimiliki ya 1999 inampa mwandishi miaka 50 baada ya kufa. Kitereza amekufa 1981. Hesabu.

MZEE WA KARASHA: 2031.

MWALIMU: Kumbe wanafunzi wangu wangekuja kwako.

KIJANA WA KAMERA: Kurasa nitaziombea ruhusa. Lakini hiyo hifadhi ya nyumba, marehemu anaihifadhi vipi? Halafu kuna jambo mnaliruka. Huyu si Salinger. Salinger alifunga mlango. Kitereza wale Wamarekani walimkuta, wakaketi naye, akawasimulia. Wakaandika, wakachapisha kwao mwaka 1972, tena maisha yake na kazi yake. Kwa hiyo mlango aliufungua mwenyewe. Mgeni kutoka Marekani anaruhusiwa, mimi wa Nyarugusu naambiwa Katiba?

Hoja hii ilikuwa nzito, na hakuna aliyeijibu mara moja. Mimi mwenyewe nilikuwa nimejiandaa kusema kwamba mzee alikuwa mtu wa faragha, na ghafla nikaona sina ushahidi wowote wa hilo. Neno la kujificha tunalitumia kirahisi mno kwa waandishi wa huku bara. Tunalichukua kwa watu kama Salinger, au yule Mwitalia anayejiita Elena Ferrante, ambaye mwaka 2016 mwandishi wa habari mmoja alimfuatilia kwa nyaraka za malipo mpaka akatangaza kwamba amempata. Hao walijenga ukuta, na anayeupanda anajua kwamba anapanda ukuta. Kitereza alikuwa ameketi barazani kwake.

MUUZA DAGAA: Hilo nililitaka mtu aseme. Kagunguli si porini. Kuna kanisa, watu kila Jumapili. Mzee alikuwa anajulikana, ukiuliza unaonyeshwa. Aliyejificha ni yule asiyetaka kuonekana. Huyu alikuwa anataka kitabu chake kionekane, basi. Hakuna aliyekuja.

KIJANA WA KAMERA: Kwa hiyo unakubali nimpige filamu.

MUUZA DAGAA: Sijasema hivyo.

MAMA LISHE: Na mkewe?

KIJANA WA KAMERA: Mkewe naye atakuwemo. Picha zikipatikana.

MAMA LISHE: Siulizi picha. Nauliza kama alisema. Mzee aliwasimulia wageni, sawa, maneno ni yake. Mkewe aliulizwa? Maana ninyi tangu umeme ukatike mnazungumzia tumbo, na mwenye tumbo hayupo. Mzee hakuwa na mtoto, mzee hakuachiwa mtoto. Mtoto anakaa wapi kabla hajafika kwa mzee?

MZEE WA KARASHA: Dada, usikasirike.

MAMA LISHE: Sijakasirika, baba. Nimekaa tu. Hapa mgodini mwanaume akikosa mtoto anahamia machimbo mengine. Lwamgasa, Mgusu, popote dhahabu ilikotoka, na huko anaanza upya na mtu mwingine. Mwanamke hahami na jambo lake. Likimkuta anakuwa nalo kila siku. Mteja anakuja kula wali, mgeni, hana nia mbaya, anataka kukuita kwa heshima. Anauliza, samahani, wewe ni mama nani? Utamjibu nini? Mimi naitwa Mama Lishe. Mmeshawahi kujiuliza kwa nini mimi peke yangu hapa sokoni sina jina la mtoto?

Hakuna aliyejibu. Jenereta lilikohoa mara mbili huko nyuma ya banda, likazima.

Na mimi, niliyeapa kumwita kila mtu kwa kazi yake ili nisimwanike, niliona nimemwita yeye kwa kile kile alichokisema. Nimefikiria kubadili nikamwita Muuza Wali. Nimeacha, kwa kuwa nilipomuuliza siku ya pili alisema andika kama wanavyoniita.

MWALIMU: Mama, kwenye kitabu jambo lako limo. Ndugu wa Myombekere wanamsema Bugonoka kwa kukosa mtoto, wanamwambia mume aoe mwingine. Wakwe wanaona binti yao anatukanwa, wanamchukua wanarudi naye. Na Myombekere haoi mwingine. Anamfuata mkewe kwao, anaomba, anatozwa pombe ya ndizi, anaihangaikia mpaka anaipata. Sehemu kubwa ya mwanzo wa kitabu ni mwanaume anayemfuata mke asiyezaa.

MAMA LISHE: Aliandika hivyo mwaka gani?

MWALIMU: Alimaliza 1945.

MAMA LISHE: Na yeye mwenyewe alioa mwingine?

MUUZA DAGAA: Hapana. Alikaa na Anna.

MAMA LISHE: Basi yote ameshayasema. Mtu kakaa na mkewe, kakaa usiku na taa, kaandika mume anayekataa kuoa mwingine. Kijana anataka kuingia na taa kubwa zaidi kutafuta nini?

KIJANA WA KAMERA: Lakini mama, kwenye kitabu wanapata watoto.

Hapo kijana alisema jambo la maana kuliko yote aliyosema usiku ule, na sidhani kama alijua. Myombekere na Bugonoka wanahangaika kwa mganga, wanapata dawa, na mwisho wanapata mtoto wa kiume na wa kike. Mwandishi aliwapa watu wake kile ambacho yeye hakubaki nacho. Lakini hakuwapa bure. Muuza dagaa alitutafsiria majina: Ntulanalwo ni kama kusema naishi nacho siku zote, yaani kifo, Bulihwali ni kuuliza, yataisha lini? Wakerewe, kama Wasukuma na wengine wengi wa kanda hii, huwapa watoto majina yanayobeba kilichotokea kabla yao. Mwandishi angeweza kuchagua jina lolote la furaha kwa mtoto aliyengojwa hivyo. Alichagua haya. Anayetaka maisha ya ndani ya Aniceti Kitereza ayatafute kwenye majina haya mawili, yamewekwa kwenye jalada, nje kabisa, anayepita dukani anayaona.

Ningependa kusema kwamba hoja hiyo ya majina, nilipoitoa pale, iliwanyamazisha. Haikumnyamazisha mtu.

KIJANA WA KAMERA: Hayo ni mazuri, kaka, lakini hayo ni ya mtu aliyesoma. Mimi watazamaji wangu ni hawa waliotoka kununua mishikaki. Mtu hawezi kukaa saa nzima anaangalia majina. Lazima pawe na kitu cha kumshika.

MZEE WA KARASHA: Kijana anasema kweli. Mwaka 2015 kule Nyangalata, Kahama, duara lilititia. Watu wakahesabiwa wamekufa. Siku ya 41 watano wakatolewa hai. Siku arobaini na moja! Nchi nzima ilijua. Na nchi nzima ilikumbuka nini? Kwamba walikula mende na vyura. Mpaka leo ukimtajia mtu Nyangalata anakwambia mende.

KIJANA WA KAMERA: Si ndiyo nasema? Bila mende hakuna ambaye angesikia Nyangalata.

MZEE WA KARASHA: Sasa ngoja. Hapa kwetu, Januari 2017, watu 15 wakafukiwa, siku tatu ndiyo wakatoka, wote hai. Kamera zilikuwa pale juu zimejipanga. Na mimi nilikuwa nasikiliza, kwa sababu mimi ni mtu wa shimo kabla ya kuwa mtu wa karasha. Nilikuwa nangoja lile swali la mtu wa shimo. Matimba, yale magogo ya kushikilia shimo, yalipangwaje? Ardhi ilikuwa imeanza kulia lini? Mtu wa shimo anasikia ardhi ikilia kabla haijakaa. Swali hilo watu hawaulizi kwenye redio. Wanauliza, mlikula nini, mlikuwa mnawaza nini, mke ulimkumbuka?

MAMA LISHE: Baba, umebadili upande.

MZEE WA KARASHA: Sijabadili. Marudio ni yangu. Nasema habari ya matimba.

Alikuwa amebadili. Na mimi nadhani nilibadili naye, kwa sababu mpaka hapo nilikuwa nikitetea faragha, kama mwalimu, na faragha haikuwa inanisaidia. Mtu aliyesimulia wageni maisha yake, aliyeandika uchungu wake juu ya jalada, haombi hifadhi ya faragha kwangu. Kinachonikera katika Siri ya Mzee Kitereza ni jingine. Filamu ile ingeuliza alikula nini shimoni. Isingeuliza matimba.

Matimba ya habari hii ni miaka 35. Kuanzia Februari 1945 mpaka 1980, muswada uliokamilika ulikuwepo, mwandishi alikuwepo, alikuwa anajulikana anapokaa. Serikali ya mkoloni ilikuwa na ofisi ya kushughulikia vitabu vya Kiswahili katika Afrika Mashariki nzima, lakini Kikerewe hakikuwa Kiswahili. Uhuru ukaja, na uhuru nao ukataka Kiswahili, kwa sababu nzuri ambazo naziunga mkono mpaka leo; nimepata mkate wangu kwa lugha hii. Mchapishaji wa umma akaanzishwa Dar es Salaam mwaka 1966. Nani alikuwa na kazi ya kwenda Kagunguli kuuliza? Hakuna mtu mmoja wa kumnyooshea kidole, ndiyo maana haliwi swali la filamu. Mwishowe mzee mwenye viungo vinavyouma ndiye aliyelibeba: akaitafsiri kazi yake mwenyewe ili nchi yake iweze kumsoma. Halafu tunamwita mtu wa upweke.

Nilisema hayo pale bandani, kwa maneno machache zaidi.

KIJANA WA KAMERA: Sawa, kaka. Lakini nipige picha ya nini? Miaka 35 ya kungoja. Nani anaangalia mtu akingoja?

MUUZA DAGAA: Sisi tunaangalia kila siku. Ukikaa Nansio unangoja meli, unangoja upepo utulie, unangoja bei. Piga hiyo.

KIJANA WA KAMERA: Dakika tano watu wamelala.

MWALIMU: Weka na karatasi. Mkono unaandika Kikerewe, halafu mkono huo huo, umezeeka, unaandika Kiswahili. Maneno yale yale. Hiyo mimi ningeiangalia.

KIJANA WA KAMERA: Wewe ni mwalimu.

MAMA LISHE: Weka na mtu anayeingia na chai. Kila siku anaingia na chai, anaweka, anatoka. Mwanzoni ni msichana, mwishoni ni bibi. Watu wataanza kumngoja.

Kijana aliinama kidogo. Nilimwona kwa mwanga wa ile tochi akigeuza kifuniko cha lenzi mkononi, kikizunguka, kikizunguka. Wapiga picha za harusi wana kitu ambacho sisi waandishi tunakidharau: wanajua hasa ni wakati gani mtu asiyeangaliwa na wengine anabeba sherehe nzima. Shangazi anayefuta meza. Mdogo wa bwana harusi anayekimbia na funguo za gari.

KIJANA WA KAMERA: Anazeeka mbele ya kamera, yule wa chai.

MAMA LISHE: Anazeeka na hakuna anayemuuliza kitu.

MWALIMU: Lakini bado unabuni. Hakuna aliyeona akiingia na chai. Filamu ya makala haitakiwi kubuni.

KIJANA WA KAMERA: Mwalimu, si wewe umeleta ule mkono?

MZEE WA KARASHA: Na watu wa kwao wamekubali? Hata mwenye mawe tunamuuliza kwanza.

MUUZA DAGAA: Ndugu wapo. Utakwenda, utajitambulisha, utakaa. Siku ya kwanza kamera ibaki kwenye begi. Wakikukubali watakwambia wenyewe ni kipi wanataka kionekane. Na usiende mikono mitupu, usiende bila kukisoma. Watakuuliza, umekisoma?

Kimya kikaingia, si cha huzuni, ni cha aibu. Ilibainika kwamba katika watu sita tuliokuwa tumebishana karibu saa nzima, aliyekisoma kitabu chote mpaka mwisho ni mmoja, na hakuwa mwalimu. Mwalimu alikuwa amesoma mwanzo wake chuoni, alipokuwa anasomea ualimu. Mimi nilikisoma kwa kuruka, miaka mingi iliyopita, nikitafuta kitu kingine. Shuleni kwa mwalimu hakimo. Gabriel Ruhumbika, mwandishi mwingine wa Ukerewe, alikitia Kiingereza, kikatoka mwaka 2002, nacho hakimo. Muuza dagaa ndiye alikuwa amekimaliza, nakala ya kuazima, kwa miezi, kwenye boti na kwenye vibanda vya kungojea mizigo. Alisema ana hakika nakala ile bado iko Nansio kwa mtu, na safari ijayo atamwomba.

KIJANA WA KAMERA: Nitakulipa nauli.

MUUZA DAGAA: Nauli ninayo. Utanunua dagaa.

Jenereta likashika. Taa iliwaka kwa mshtuko, tukafumba macho, na televisheni ikaanza kupiga kelele kabla picha haijaja. Watu wakarudi mbio na mishikaki yao, wakadai viti, mmoja akamwambia mwalimu ajisogeze. Kipindi cha pili kilikuwa kimeshakwenda sana. Mama Lishe akanyanyua ndoo yake ya vyombo. Kijana alikuwa ametoa kalamu, anatafuta karatasi, hakuipata, akafungua kiganja.

— Huyo mkewe, alimuuliza muuza dagaa kwa sauti ya kushindana na televisheni, alikuwa anaitwa nani vile?

— Anna.

— Anna nani?

— Katura, akajibu Mama Lishe kutoka mlangoni. Si ameshakwambia mwanzo?